Gramu Sita za Manyoya

Mfarishi hauna joto lake wenyewe. Joto ni la mwili wa aliyelala, na kinachozuia joto hilo lisitoroke ni hewa iliyotulia kati ya kitambaa cha juu na cha chini. Manyoya yaliyotiwa humo yana kazi moja tu, kuishika hewa hiyo isitembee. Ukishalielewa hilo utaona kwa nini nauheshimu ufundi wa kuongeza manyoya kwenye mfarishi wa kambini. Ni kazi ya nyumbani inayomtaka mtu mmoja mwenye wembe, sindano na mizani. Anayeifanya hashoni kitu kipya. Anafungua kilichokwisha kushonwa, anakiongezea uwezo wa kushika hewa, kisha anakifunga, na asubuhi yake hakuna atakayejua kilifunguliwa wapi.

Manyoya yenyewe si yale ya mbawa. Bata bukini, chini ya manyoya tunayoyaona, ana tabaka jingine kifuani na tumboni: punje ndogo, nyeupe au za kijivu, zisizo na kijiti katikati. Kila punje ni kitovu kidogo kilichotoa nyuzi nyembamba pande zote. Ukiilaza kiganjani huhisi uzito, unahisi ujotojoto. Ukiibana inanywea, ukiiachia inafura tena, na ubora wake hupimwa hapo hapo. Wamarekani huchukua aunsi moja, yaani gramu 28 na kidogo, wakaiweka ndani ya silinda chini ya uzito maalumu, wakasoma imejaza inchi ngapi za ujazo. Manyoya ya 800 hujaza inchi 800, ambazo ni kama lita 13. Lita 13 kwa gramu 28! Sufi ya mito, ambayo wengi wetu tumeilalia tangu utoto, haikaribii hapo.

Wapanda milima walichelewa kuyaamini manyoya haya. Mwaka 1922 George Finch, mkemia aliyezaliwa Australia, alikwenda Everest na msafara wa Waingereza akiwa na koti alilolibuni mwenyewe kwa kitambaa cha puto kilichojazwa manyoya laini ya bata. Wenzake, waliovaa sufu na twidi, walilicheka. Finch alifika zaidi ya mita 8,300 ndani ya koti hilo. Kwangu mimi jambo kubwa si kimo alichofikia. Jambo kubwa ni kwamba vazi bora la msafara ule lilitoka kichwani mwa mtu aliyekaa chini na kujiuliza baridi inaingilia wapi.

Moyo huo ulihamia majumbani. Mwaka 1966, Colorado, Dale Johnson alianzisha Frostline Kits, akauza vitambaa vilivyokwisha kukatwa pamoja na manyoya yake, mnunuzi ashone koti au begi la kulalia kwenye cherehani yake mwenyewe. Baadaye akaja Ray Jardine, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu njia ndefu ya Pacific Crest kilibadilisha namna Wamarekani wanavyofunga mizigo ya safari. Hoja yake juu ya kulala ilikuwa nyepesi kuielewa: kile kilicho chini ya mgongo kimekandamizwa, na kilichokandamizwa hakishiki hewa. Basi kwa nini kibebwe? Yeye na mkewe Jenny wakalala chini ya mfarishi ulio wazi mgongoni, juu ya mkeka wa sponji. Jardine mwenyewe alijaza nyuzi za viwandani, hakuyapenda manyoya kwa sababu yakilowa hunywea na kupoteza joto. Waliomfuata wakalichukua umbo lake wakatia manyoya ndani, na mfarishi huo ndio tunaoufungua leo.

Kuufungua kuna sababu. Mabegi ya kulalia yana kipimo cha kimataifa, kilichoanzia Ulaya kwa jina la EN 13537 na sasa kinaitwa ISO 23537. Sanamu yenye vipasha joto hulazwa ndani ya begi katika chumba cha baridi, kisha nyuzi za joto la starehe zikakadiriwa kwa ajili ya mwanamke wa miaka 25 mwenye kilo 60. Ni kipimo cha haki na nafurahi kwamba kipo. Lakini mifarishi iliyo wazi kwa kawaida haipitii humo, na kila mtengenezaji hutaja nyuzi kwa makadirio yake. Hata ingepitia, mwili wako si sanamu ile. Yupo ambaye kifua chake ni jiko usiku kucha ilhali nyayo zimekufa ganzi. Yupo aliyekonda, yupo mwenye miaka 60, yupo anayelala kwa ubavu na kuliinua pindo la mfarishi kila anapogeuka. Wanaolala kambi ya Barafu huko Kilimanjaro, mita 4,673, wakisubiri kuamshwa usiku wa manane waelekee kilele cha Uhuru, wanaijua vizuri tofauti kati ya nyuzi za kwenye lebo na nyuzi za kwenye vidole vya miguu. Kila mwili una baridi yake, na lebo haiwezi kuijua. Mkono wa mwenye mwili unaweza.

Marekani na Ulaya manyoya huuzwa kwa gramu katika mifuko safi. Huku kwetu Moshi yanakuja yakiwa tayari yamevaliwa. Marobota ya mitumba huleta makoti ya nchi za theluji, na pale soko la Memorial ukiwa na subira utayaona yananing'inia kati ya jinzi na mashuka. Soma lebo ya ndani: 90 kwa 10 maana yake punje ni tisini katika mia na vinyoya vyenye vijiti ni kumi. Lebo ikiwa imefutika, finya kwa vidole. Ukichomwachomwa, ni vinyoya vya kawaida. Ukihisi tandiko moja lililolala sawasawa kama sponji, ni polista. Ukihisi uvimbe laini unaokimbia na kurudi, umepata. Nayapenda manyoya ya mitumba kwa sababu nyingine pia: yako mashamba ambayo bata wamenyofolewa wakiwa hai, nami sitaki joto langu lianzie huko. Ukitumia koti kuukuu, hakuna bata mwingine anayeguswa.

Manyoya ya koti lililovaliwa miaka mingi yamenyonya mafuta ya ngozi, na mafuta huzikunja zile nyuzi zisifure. Hivyo huoshwa kwanza, koti likiwa bado zima, kwa sabuni isiyo kali na bila dawa ya kulainisha nguo. Yakilowa husikitisha kuyatazama, mabonge meusi yaliyoganda kwenye pembe za kitambaa. Hapa ndipo wasio na subira huacha. Kukausha huchukua siku kadhaa za jua, na kila ukipita unalikung'uta koti, unayavunja mabonge kwa vidole, unaligeuza. Harufu ya bata ikisikika bado, hayajakauka, hata kama kitambaa kinakudanganya. Yakiwa tayari, koti huwa limevimba kuliko siku ulipolinunua.

Sasa hesabu. Nawaomba wasiopenda hesabu wavumilie, kwa sababu uzuri wa ufundi huu uko humu. Mfarishi umegawanywa vyumba, na kati ya chumba na chumba kuna kiambaza cha kitambaa chepesi kinachozuia manyoya yasihamie kwa jirani. Chukua chumba chenye urefu wa sentimita 130, upana wa 13, na kiambaza cha sentimita 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 8,450, karibu lita nane na nusu. Gramu moja ya manyoya ya 800 hujaza kama 462, kwa hiyo gramu 18 na kidogo zinatosha kukijaza bila kubana. Lakini tunataka kuongeza robo, kwa sababu chumba halisi hufura juu na chini kuliko hesabu ya pembe nne inavyosema, na manyoya yaliyojaa vizuri hayakimbilii pembeni ukageuka ukakuta kifua kimebaki na kitambaa kitupu. Robo hiyo ni lita mbili na kidogo. Manyoya ya koti yaweza kuwa ya 600 (pima gramu 10 kwenye ndoo yenye alama za lita, yakifika tatu na nusu, ndiyo hayo), na gramu moja yake hujaza kama 347. Gawanya. Unapata gramu sita.

Gramu sita ni uzito wa karatasi moja na kipande. Kwa vyumba 14, mfarishi mzima umeongezeka gramu 84 tu. Mizani ya jikoni haiwezi kazi hii. Inatakiwa ile ya sonara, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Nami huona ni sawa kabisa kwamba manyoya yapimwe kwa chombo cha dhahabu.

Kinachobaki ni kuyatuliza. Punje hizi hupaa kwa pumzi ya mtu, na ukifungua koti chumbani zitapanda kama kumbikumbi baada ya mvua. Wenzetu wa ng'ambo hujifungia bafuni. Mimi natumia chandarua: feni imezimwa, madirisha yamefungwa, chandarua kimeshushwa hadi chini ya godoro, mfarishi, koti na mizani vikiwa ndani pamoja nami. Matundu yanayomzuia mbu huizuia na punje. Kabla ya kukata koti nanyunyiza maji hewani kidogo, ukungu tu, ili punje zisishikane na nailoni kwa umeme wa mkwaruzo.

Kwenye pindo la mfarishi, mwisho wa chumba, fumua sentimita tano au sita za mshono kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, usiguse kitambaa. Sukuma manyoya ya zamani ndani kwa vidole viwili, kisha ingiza bomba la karatasi ngumu ulilokwisha kulijaza na kulipima. Yasukume taratibu kwa kijiti hadi katikati ya chumba, toa bomba, lipime tena. Tofauti ndiyo iliyoingia. Ziba mdomo kwa vibanio vya nguo, nenda chumba kinachofuata. Vyumba vikiisha vyote, ndipo sindano inapochukuliwa: nyembamba kuliko zote ulizo nazo, kwa sababu tundu la sindano nene ni mlango wa punje kutokea. Uzi uwe wa polista, mishono iwe midogo na ya karibu. Punje ikichungulia nje usiivute, maana itaita wenzake. Ishike kwa upande wa ndani kupitia kitambaa, uirudishe, halafu sugua tundu kwa ukucha hadi lijifunge.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kuamua wapi pa kuongeza na wapi pa kuacha. Vyumba vya miguuni vinastahili kipimo kamili na pengine gramu moja ya ziada. Vya kifuani vivyo hivyo. Kingo, zinazochomekwa chini ya mwili na kukandamizwa, hazihitaji hata punje. Kuzijaza ni kubeba mzigo bure. Na kuna mpaka. Ukipita theluthi ya ujazo uliokuwamo, manyoya huanza kubanana, mfarishi unakuwa mgumu kufunga na kila gramu inaleta joto dogo kuliko iliyotangulia. Fundi mzuri wa kazi hii hujulikana kwa manyoya aliyoyabakiza mfukoni.

Usiku wa kwanza tofauti yake haijitangazi. Unachokiona ni kwamba hukuamka saa nane kutafuta soksi za pili.

Ombi langu ni kwa watu wa mlima. Moshi na Arusha zina mafundi cherehani wanaobadilisha zipu za mahema na kuziba matundu ya mabegi ya kulalia kila msimu; mikono ya kazi hii wanayo tayari, na begi la manyoya hufunguliwa na kujazwa kwa namna ile ile ya mfarishi. Zipo kampuni zenye stoo zilizojaa mabegi yaliyonywea, ambayo mgeni hayataki tena na mpagazi ndiye anayelala nayo, yeye aliyebeba kilo 20 mchana kutwa. Yatoeni stoo kabla ya msimu wa Juni. Wapeni mafundi mizani ya sonara na wiki mbili za jua. Koti moja nene la mitumba laweza kutoa zaidi ya gramu 150 za manyoya, nazo zinatosha kuurudishia joto mfarishi mzima na kubakiza ya miguu ya mtu mwingine.