Kiganja Kabla ya Rangi

Ufundi wa kupiga rangi gari una bahati mbaya moja, nayo ni kwamba sehemu yake iliyo bora zaidi hufunikwa na kazi yenyewe inapokamilika. Mteja anayelifuata gari lake katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, au zile za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, huona mng'ao, huridhika na kulipa, ilhali muda mfupi wa kupuliza rangi ulitanguliwa na siku nzima, pengine mbili, za kukwangua, kujaza, kusugua na kuosha, ambazo hakuna jicho litakaloziona tena.

Thamani ya maandalizi hayo hudhihirika pale fundi mkongwe anapoikagua boneti iliyonyooshwa, kwa maana haanzi kwa kuitazama. Hulaza kiganja juu yake, mara nyingi juu ya kitambaa chembamba ili jasho lisiunatishe mkono, akakipitisha polepole toka ukingo hadi ukingo, kisha akakirudisha kwa mshazari, uso ameugeuzia kando kama mtu anayesikiliza. Puti, yaani ule ujiuji mzito unaochanganywa na kigumishi chake na kupakwa ili kujaza mabonde ya bati, huonekana machoni kuwa imelala sawa kwa sababu bado haing'ai, lakini kiganja hukutana na kituta chembamba ambacho rangi ingekuja kukitangaza mbele ya jua. Hapo hupulizwa ukungu mwepesi wa rangi nyeusi juu ya puti, na msasa uliozungushwa kwenye kibao ukapitishwa juu yake: palipoinuka weusi hufutika kwanza, palipobonyea hubaki, na bati likawa limechora lenyewe ramani ya kasoro zake. Kutoka msasa namba 80 hadi 400 na kuendelea, namba ikipanda na chembe zikipungua ukubwa, kila hatua ipo kwa ajili ya kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia, na anayeruka moja huikuta mikwaruzo hiyo chini ya rangi.

Zana zenyewe zina asili ya kawaida tu. Bomba la kupulizia rangi limetokana na chombo cha kupulizia dawa kooni, kilichobuniwa na daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, nchini Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, na ni mwanawe Thomas aliyeligeuza wazo hilo kuwa la rangi. Mwaka 1949 Edward Seymour, Mmarekani mwingine, alitia rangi na gesi ya shinikizo katika kopo moja, kwa wazo la mkewe Bonnie, na tangu hapo mlango wa ufundi huu ukawa wazi hata kwa mtu asiye na kompresa.

Kwa hiyo anayeanza nyumbani, akiwa na kopo lake na kifuniko cha kioo cha pembeni kilichokwaruzwa, anastahili heshima na si dhihaka, mradi akubali kuanzia mahali fundi anapoanzia. Atasoma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, kama vile 040, ule weupe wa Toyota unaojulikana mno barabarani. Ataosha mafuta na nta, kwa sababu alama ya kidole tu yaweza kuifanya rangi ijitenge. Atapaka praima, yaani rangi ya chini inayoshikamanisha. Kisha atapuliza akiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, akianzia nje ya ukingo na kumalizia nje ya ukingo, kwa tabaka nyepesi zinazopandana nusu kwa nusu. Katika mwambao, siku za masika, atangoja, kwa kuwa tina, yaani kiyeyushi cha rangi, inapokauka huupoza uso wa bati, unyevu wa hewani ukatua juu yake, na rangi ikafifia kama iliyomwagiwa maziwa. Kungoja huko ni sehemu ya kazi.

Kinachosikitisha ni kwamba subira hiyo sasa huonwa kuwa hasara. Mteja hutaka gari jioni hiyo hiyo. Bampa iliyopasuka hutupwa badala ya kushonwa. Kutu huzibwa kwa puti bila kukwanguliwa. Na kijana wa karakana hupulizia rangi yenye kigumishi akiwa amejifunga kitambaa puani, ilhali kemikali ya isosianati iliyo katika vigumishi vingi huleta pumu isiyozuiwa na kitambaa. Kijana huyo huyo, akihimizwa kupuliza kabla hajafundishwa kusugua, hukosa kurithi kile kiganja, na kiganja hakiandikwi kitabuni wala hakiuzwi pamoja na kopo. Mafundi wanaokimiliki wangali wapo, wengi wao wamezeeka, na wanaolipwa kwa mng'ao pekee hawana sababu ya kukifundisha.

Ndiyo maana mwenye gari anaombwa afike karakana siku moja kabla ya rangi, bati likiwa bado la kijivu, naye aweke kiganja chake hapo.