Sanamu Iliyoahidi Jina

Mtu atokaye bara akifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, mwenyeji wake hakosi kumwonyesha Sanamu ya Askari. Imesimama katikati ya mzunguko wa magari katika Barabara ya Samora: askari wa shaba, ameinama kidogo mbele, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Nami nilionyeshwa hivyo hivyo nilipoletwa mjini kijana. Niliitazama kama wageni wote wanavyoitazama, kisha nikaenda zangu. Ilipita miaka mingi kabla sijarudi kusoma yaliyoandikwa chini yake, na hayo niliyoyasoma ndiyo yanayonifanya niandike tahakiki hii.

Sababu ya kurudi kwangu ilikuwa ya nyumbani. Babu yangu alikuwa mtu wa Muyama, huko Buha, katika milima iliyokuwa ya Wilaya ya Kasulu na ambayo leo ni ya Buhigwe. Alikuwa na kaka yake ambaye alitoka nyumbani na mzigo kichwani mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia kutoka upande wa Urundi, asirudi tena. Hakuna aliyeleta habari ya kifo chake. Hakuna aliyerudisha nguo yake, wala aliyesema, "Nilimwacha mahali fulani akiwa mgonjwa." Kwa hiyo hakuwekewa matanga. Babu alipoulizwa juu yake alikuwa akijibu neno moja tu: "Huyo hajafa. Hajarudi." Akafa mwenyewe na jibu hilo.

Nikiwa mtu mzima nilianza kumtafuta. Nilitaka karatasi, hata mstari mmoja, unaosema kwamba mtu huyu alikuwapo na kwamba alifia mahali. Ndipo nikakumbuka kwamba vita vile vina ukumbusho wao, nami nimepita mbele yake mara zisizohesabika.

Tuitazame basi sanamu hii kama tunavyotazama kazi nyingine yoyote ya sanaa, fani yake kwanza na maudhui yake baadaye.

Kwa upande wa fani, haina budi kusifiwa. Iliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyechongwa ni Mwafrika, si mzungu, naye amesimama peke yake juu ya jiwe. Ili kuuona uzito wa jambo hilo, hatuna budi kukumbuka kilichosimama hapo mwanzo. Tangu mwaka 1909 mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Yeye alikuwa juu, na askari Mwafrika alikuwa chini ya miguu yake. Waingereza waliiondoa, ikapelekwa Hamburg. Askari wa mwaka 1927 hamtazami bwana yeyote aliye juu yake. Mhakiki asiyelisema hilo hatendi haki.

Walakini fani hiyo hiyo ina pengo. Vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu havikupiganwa na wenye bunduki peke yao. Barabara zilikuwa chache, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi wanaofikia milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wabelgiji nao waliwatumia wapagazi 260,000 hivi wa Kongo, mbali na waliowachukua njiani. Je, mpagazi yuko wapi katika sanamu ya Dar es Salaam? Juu ya jiwe hayupo. Nairobi alichongwa, akasimama pamoja na wenzake wawili. Kwetu hakupewa sanamu yake mwenyewe.

Na maneno yenyewe? Yameandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, ili kila apitaye aelewe. Yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni tamathali nzuri ukiisoma upesi. Ukiisoma taratibu inakuchoma. Askari ametajwa kama mtu. Mpagazi ametajwa kama viungo. Mikono haina uso. Miguu haina mama aliyeizaa wala mdogo wake anayeingojea mlangoni. Sidhani kwamba mtunzi alikusudia dharau; pengine alikusudia sifa. Lakini tamathali husema hata lile ambalo mtunzi hakulikusudia, na hii inasema jinsi serikali ile ilivyowaona watu hao: kazi iliyofanyika, si watu walioifanya.

Hapo tunaingia katika maudhui. Maandishi yanamalizika kwa ahadi. Yanamwambia msomaji kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Msomaji na azunguke jiwe lile mara tatu kama nilivyolizunguka mimi, akitafuta majina. Hakuna hata moja. Ukumbusho unaoahidi jina haukuandika jina.

Kuna mtu atakayenijibu kwamba namwonea mchongaji, kwamba katika vita watu hupotea, na kwamba haiwezekani kumtafuta kila mmoja. Jibu langu ni kwamba waliotaka kutafuta walitafuta. Tuchukue mfano wa watu wa ndege, ambao kupotea kwao ni kugumu kuliko kwa wengine wote, maana wanaanguka mahali pasipo na shahidi.

Mwezi Januari 1917 ndege ya Waingereza iliyokuwa ikipeleleza katika delta ya Rufiji ilipata hitilafu ikatua majini. Ndani yake walikuwamo rubani Edwin Moon na mwangalizi wake, Richard Bridgeman. Walihangaika siku kadhaa kwenye maji na mikoko. Bridgeman akafa, Moon akatekwa na Wajerumani. Leo mtu yeyote anaweza kusoma majina yao, vyeo vyao, na siku aliyokufa Bridgeman. Wapagazi wangapi walikufa katika Rufiji hiyo hiyo, mvua zile zile za mwaka 1917?

Au tuje karibu na kwetu. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zilizosafirishwa kwa vipande kutoka Ulaya, ziliruka kutoka ng'ambo ya ziwa zikaangusha mabomu Kigoma. Rubani mmojawapo, Aimé Behaeghe, alifia Niemba, katika Kongo, mwezi Desemba mwaka huo. Hakuangushwa na adui. Aliugua, kama walivyougua wabeba mizigo. Hata hivyo tunajua alikozaliwa, alikofia na tarehe.

Katika vita vya pili mambo yaliendelea zaidi. Jeshi la Anga la Uingereza liliunda kikosi maalumu cha kuwatafuta watu wake waliopotea, takribani 42,000. Maofisa walizunguka vijiji vya Ulaya wakiwauliza wakulima na mapadri, wakifukua makaburi yasiyo na alama, wakilinganisha vitambulisho na nguo. Zaidi ya nusu walipatiwa makaburi yanayojulikana. Na kwa wale wasio na kaburi ulijengwa ukumbusho Runnymede, uliofunguliwa mwaka 1953, wenye majina zaidi ya 20,000, kila mmoja na lake. Siwaonei wivu jamaa za watu hao. Mama aliyepotelewa na mwanawe angani alistahili kujibiwa. Nasema tu kwamba aliyepotelewa na mwanawe njiani naye alistahili.

Wala si watu tu waliotafutwa. Siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen ziwani. Meli hiyo ilitafutwa, ikaibuliwa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya la Liemba, ikarudi kazini mwaka 1927. Mwaka ule ule sanamu ilizinduliwa Dar es Salaam. Chuma kilichozama kilipata jina mara mbili. Aliyebeba mizigo hakupata hata mara moja.

Haya si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Taarifa ilikiri kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa sehemu ya sababu. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi Aprili mwaka huo. Humo ndimo tunamoelezwa kwamba sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ziliwekwa kuwa badala ya majina. Basi pengo nililoliona jiweni halikuwa sahau ya mchongaji. Lilikuwa uamuzi.

Kwa mtu wa Buha hata radhi hiyo inafika nusu njia. Kaka yake babu hakuchukuliwa na Waingereza. Nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani hadi Julai 1916, kisha chini ya Wabelgiji hadi mwaka 1921, ndipo Waingereza wakapewa. Kijana mmoja wa Muyama angeweza kubeba mzigo wa Mjerumani mwezi wa tano, na wa Mbelgiji mwezi wa nane hadi Tabora, ambayo ilitekwa Septemba. Akifa njiani, afie daftari la nani? Kama kuna mstari juu yake, unaweza kuwa kwa Kijerumani, au kwa Kifaransa, katika kabati la mji ambao yeye hakuwahi kuusikia. Sanamu inasema alikufa kwa ajili ya mfalme wake na nchi yake. Mfalme yupi?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimejipanga kuihakiki, na kama ningeishia hapo ningejiona nimeshinda. Lakini lipo jambo jingine, nalo sina budi kulisema ingawa linaniaibisha.

Nilipokwenda mara ya kwanza kuuliza habari zake katika nyumba ya kumbukumbu, kijana wa mezani alinipokea kwa adabu. Akachukua kalamu. "Mzee, jina la marehemu?"

Sikuwa na jibu. Babu alikuwa mdogo kwake, na kwa heshima hakumtaja kwa jina hata siku moja. Alimwita "mkubwa wangu." Baba yangu alimwita "baba mkubwa." Sisi wajukuu tulimwita "yule aliyekwenda na mzigo." Na kwetu Buha kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si desturi yetu ya asili kwamba ndugu wote wachukue jina la baba, hata niseme walau nusu ya jina naijua. Nilirudi nyumbani nikawauliza wazee waliobaki. Mmoja alinitajia jina, mwingine akasema hilo ni la mtu wa mlima wa pili. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka thelathini. Babu nililala nyumba moja naye, niliota moto mmoja naye, na swali la maneno matatu sikumuuliza.

Kwa hiyo ile ahadi iliyoandikwa chini ya sanamu imevunjwa mara mbili. Walioiandika waliivunja walipoacha kuandika majina, wakayasukuma kwa wana wa marehemu. Nao wana, yaani sisi, tukaivunja. Pengine ahadi yenyewe ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Wengi waliochukuliwa walikuwa vijana. Kaka yake babu hakuwa na mke. Aliyekufa kabla ya kuzaa, ni mwana gani amkumbuke? Kama jina halina mtoto wa kulibeba, linahitaji wino.

Nikitaka kuwa mkali kwa jiwe, basi niwe mkali kwangu vile vile. Lakini makosa hayo mawili hayalingani uzito. Familia ya wakulima husahau kwa heshima na kwa kufa. Serikali yenye makarani, madaftari na posho za kugawa husahau kwa kutaka.

Kutoka penye sanamu, mtu akitembea kwenda magharibi hafiki mbali ila ataingia Kariakoo. Jina hilo ni Kiingereza kilichopita vinywani mwetu: ndilo kambi ya kikosi cha wapagazi. Maelfu hulitaja kila siku, kondakta hulipiga kelele mlangoni mwa daladala, na wachache wanajua wanamtaja nani. Nadhani huo ni ukumbusho ulio bora kuliko shaba, kwa kuwa umo katika midomo ya watu. Hata hivyo nao unawataja kwa wingi tu. Haunipi mtu wangu.

Mwaka huu tulipokutana Muyama kwa msiba wa shangazi, nilileta daftari. Baada ya mazishi nilimwomba kila mzee ataje ndugu zake wote, waliorudi na wasiorudi, na majina yao kamili, nami nikaandika. Ukurasa wa kwanza nimeanza na babu. Mstari ulio juu yake, ambapo mkubwa wake angekaa, nimeuacha wazi. Sikuandika "hajulikani". Nimeandika mwaka 1916, na neno moja: hajarudi.