Neno "Obiti" na Washindani Wake

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Chombo kilipata jina la Kiswahili. Njia yake angani tuiiteje?

Wengi husema mzunguko. Lakini mwanafunzi akiandika kwamba mzunguko wa dunia huchukua saa 24, amepata. Akiandika siku 365 na robo, amepata vile vile. Neno linaloruhusu majibu yaliyoachana hivi halijawa istilahi. Mwezi ndio hutudanganya zaidi: hujizungusha kwa muda wa siku 27 na theluthi hivi, na huizunguka dunia kwa muda huo huo, hata kosa la lugha likajificha ndani ya hesabu iliyo sahihi. Mzunguko ni tendo. Tunachokitafutia jina ni njia linamopita tendo hilo. Mzingo nalo limekwisha kutwaliwa na walimu wa hisabati kwa urefu wa kulizunguka umbo.

La kusikitisha ni kwamba jina lilikuwa karibu nasi. Falak ya Kiarabu ndiyo njia hiyo hasa. Kurani huitaja katika Sura ya Al-Anbiyaa na ya Yaasin. Lakini neno lilipotia nanga pwani yetu likawa jina la elimu ya nyota, na katika vinywa vya wengi likawa la uaguzi: mtu hupigiwa falaki kabla ya safari au ndoa. Kulirudisha leo katika fizikia ni kumtuma mwanafunzi kwa mganga.

Basi na tukubali obiti. Wanaolilaumu kwa ugeni wasisahau kwamba hata huko Ulaya lilihamishwa. Orbita ya Kilatini ni alama ya gurudumu barabarani. Wataalamu wa kale walisema orbis, yaani tufe lililobeba sayari. Johannes Kepler, katika Astronomia nova ya 1609, alichagua orbita, kwa kuwa tufe la kubeba alikuwa amekwisha kuliacha. Alihitaji neno la njia, kama sisi.

Limebaki suala la ngeli. Obiti ya dunia, obiti za sayari: yatosha. Sioni haja ya "maobiti".