Amri na Jibu: Kuhakiki Ulimwengu wa Maneno kwa Kiswahili cha Kolwezi

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza aina ya utungo isiyozoeleka katika madarasa yetu ya fasihi, yaani ulimwengu wa maandishi unaoendeshwa kwa kompyuta na kuchezwa na watu wengi kwa pamoja. Mchezo ulioipa aina hii jina lake, MUD, ulianzishwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle. Ndani yake hamna picha. Kompyuta humwandikia mchezaji maelezo ya mahali alipo, naye hujibu kwa amri fupi: nenda kaskazini, chukua taa. Akisema neno, wenzake waliopo mahali hapo hulisoma na kumjibu papo hapo.

Kwa msomaji wa Kongo, fani hii si ngeni kabisa. Kundi la maigizo la Mufwankolo, la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian alilichunguza mwaka 1986, lilikubaliana juu ya mtiririko wa visa, kisha kila mwigizaji akajitungia maneno yake jukwaani. Katika MUD pia mtunzi hutoa mahali na kanuni, na mazungumzo hutungwa na washiriki. Fanani na hadhira ni watu wale wale.

Hata hivyo, ipo tofauti kubwa. Mwigizaji hueleweka na mwenzake hata akibadili neno, lakini kompyuta huelewa tu vitenzi ilivyofundishwa. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mhakiki wa utungo huu aanze na orodha ya amri kabla ya kuyapima maelezo ya mandhari.

Tuchukulie kwamba wanafunzi wanatunga Kolwezi ya maneno, yenye stesheni ya reli, komini za Dilala na Manika, na machimbo ya chini ya ardhi ya Kamoto. Katika Kiswahili cha Katanga, kukamata ni kutwaa kitu chochote, kiwe kitabu au fedha. Katika Kiswahili sanifu neno hilo huelekea zaidi kwenye kushika kwa nguvu, kama askari amkamatavyo mwizi. Kompyuta inayojua "chukua" pekee itamjibu mchezaji aliyeandika "kamata taa" kwamba haikuelewa. Mwenyeji atabaki gizani, na taa ipo miguuni pake. Akiandika "mulango" badala ya "mlango", hatatoka chumbani.

Jambo hili lina uzito wa kihistoria. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, Fabian alionyesha jinsi miongozo ya Kiswahili iliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo ilivyoegemea kwenye kuamrisha: bwana alipewa maneno ya kumwagiza mfanyakazi, wala si ya kuzungumza naye. Katika ulimwengu wa MUD anayeamrisha ni mchezaji. Lakini ikiwa orodha ya amri imeandaliwa bila kusikiliza lugha ya mitaa ya Kolwezi, mchezaji huyo anarudishwa pale pale, kwa kuwa mtu mwingine ameshaamua ni maneno gani yatakayosikika.

Huenda ikadaiwa kwamba kuongeza visawe kunatosha. Ni kweli kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Lakini mchezaji akiruhusiwa kuandika "kamata" huku kila chumba kikisimuliwa kwa Kiswahili sanifu, msimulizi atabaki mgeni anayewaeleza wenyeji mji wao. Suluhisho bora limo katika tawi jingine la fani hii, lile la LambdaMOO, iliyoanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, ambamo washiriki wenyewe waliweza kuongeza vyumba na vitu. Kolwezi ya maneno itafaulu pale tu wachezaji wake watakapoweza kuandika vyumba vyake kwa lugha wanayoizungumza, na kompyuta ikafundishwa kuwaelewa.