Nguzo Mama: Je, ni Ugomvi wa Wanawake Tu?

Katika semina zetu tamthilia ya Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando huchambuliwa kwa mkato: wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa kuwa hawapatani. Basi, dhamira imepatikana, tufunge daftari! Mimi sikubaliani. Uchambuzi huo unamtwisha mwanamke lawama ileile ambayo mtunzi anaihoji.

Tuanze na majina. Wahusika ni Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, hadi Bi Nane. Haya ni majina ya kuhesabia watu. Sisi tunaoishi Mkonze tunaijua historia ya kuhesabiwa. Ujamaa vijijini ulipopita Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilichohesabiwa ni kaya, na mkuu wa kaya kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mke alikuwa nguvukazi ndani ya hesabu hiyo.

Wakati wa chama kimoja (1965–1992), dola ilikuwa na kauli mbili juu ya mwanamke. Jukwaani alisifiwa kuwa mama wa taifa, na ngoma akapiga viongozi walipokuja. Kwenye sheria mambo yalikuwa mengine. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimnyima mjane fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 1968 Operesheni Vijana ikapiga vita sketi fupi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilileta nafuu nyingi, ila iliruhusu msichana aolewe na miaka 15, mvulana 18. Yaani urefu wa sketi ya binti ulimhusu mkubwa, utoto wake haukumhusu!

Sasa turudi Patata. Mjane ananyang'anywa mali na ndugu wa mume. Je, huo nao ni ugomvi wa wanawake? La hasha. Ndugu hao wana mila, na mila hiyo ilikwisha pigwa muhuri. Mwaka 1983, mwaka mmoja tu baada ya tamthilia kutoka, Mahakama ya Rufani ilikiri kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa mwanamke aliyekata rufani hakushinda. Mtunzi alikwisha liona jambo hilo: mwenye kubeba nyumba hahesabiwi kuwa mwenye nyumba.

Wapo watakaosema, "Aa, Tanzania haikuwa Uganda ya Amin." Kweli, Amin alipiga marufuku sketi fupi kwa amri ya kijeshi mwaka 1972. Lakini kama matokeo kwa binti ni yaleyale, tofauti ya buti na kofia ya chama tuieleze vizuri, tusiifanye pazia.

Kasoro ya tamthilia ipo. Kwa kuwapa namba, mtunzi naye anawabakiza wahusika kuwa mifano. Hatuwafahamu kwa undani. Hata hivyo Chizi, msimulizi wake, haturuhusu kustarehe.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilizikuta kanuni zile za 1963 zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Kwa hiyo, wenzangu, semina ijayo tusiulize tena kwa nini wanawake wa Patata hawapatani. Tuulize nani aliyeilaza nguzo chini, na nani anafaidika ikiendelea kulala.