Tofali Lisiloiva

Fundi matofali wa Kibondo, mkoani Kigoma, anapobomoa tanuru, jicho lake huchambua kabla ya mkono. Matofali ya katikati, mekundu, yenye mlio mkali yakigonganishwa, yanapangwa tayari kwa kuuzwa. Yaliyokaa kwenye midomo ya moto yameungua hadi yakawa meusi na kupinda. Ya pembeni yametoka na wekundu uliopauka: ukiyagonga hayalii, ukiyakwaruza kwa kucha yanatoa unga. Hayo hutupwa, mvua zikianza yajibomokee.

Mimi nayaonea fahari hayo ya kutupwa.

Udongo mwekundu wa nyanda hizi, Kibondo hadi Kasulu, umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka hadi mfinyanzi wake ukabaki kwa sehemu kubwa kaolini. Kaolini ikipata joto la nyuzi 600 hadi 800 hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, na mpangilio wake huvurugika. Isage, ichanganye na chokaa na maji, nayo itashikana na kuwa jiwe. Moto ukizidi sana, kupita nyuzi 900, inatulia upya na hamu ya kuungana na chokaa inakwisha. Kwa hiyo tofali analolikataa mnunuzi mara nyingi ndilo lenye nguvu ya kufunga.

Si yote, lakini. Chukua kipande, kiloweke usiku kucha. Kikiyeyuka kuwa tope, moto haukukifikia; kiache. Kikibaki kizima, kitwange, ukichekeche kwa chekeche laini, kisha ukitwange tena, maana chembe nene hazifungi kitu. Hapa ndipo subira ya kazi hii ilipo, na mtu anayetwanga kwa kuharakisha huonekana kwenye lipu yake.

Pumba za mpunga, ambazo jivu lake nalo hufungana na chokaa, hudai moto wa adabu. Kilo 100 za mpunga hutoa pumba kama kilo 20, na pumba hizo zikiungua hubaki kilo 4 hivi za majivu, karibu yote silika. Zikiungua polepole chini ya nyuzi 700, jivu la kijivu linapatikana, zuri kwa kuchanganya na chokaa au saruji. Zikichochewa, silika inajipanga upya na kuwa mvivu. Mtu aliyezoea kulisha tanuru la matofali kuni usiku kucha inabidi ajifunze kuzuia mkono wake, na huo ni ufundi mgumu kuliko kuchochea.

Kuunganisha chokaa na udongo si jambo geni: Zanzibar mafundi walijenga Mji Mkongwe kwa chokaa ya mawe ya matumbawe na udongo mwekundu. Leo watafiti wa Lausanne na Cuba wametengeneza saruji ambamo udongo uliochomwa na mawe ya chokaa yasiyochomwa vinachukua nafasi ya nusu ya klinka, kiini cha saruji ya kawaida, ile inayohitaji nyuzi 1,450 na kutoa hewa ya ukaa nyingi. Huku Kigoma, ambako saruji hufika baada ya safari ndefu ya lori, hesabu hiyo inamgusa mjenzi moja kwa moja mfukoni.

Nguzo na mkanda vibaki na saruji ya kiwandani. Kwa kujengea kuta na kupiga lipu, sehemu moja ya chokaa kwa mbili za unga wa tofali inatosha, mradi ukuta unyweshwe maji kwa wiki nzima au zaidi. Nguvu yake huja taratibu, na huendelea kuongezeka kwa miezi.