Kusoma Picha Mwambaoni: Vitabu vya John Kilaka na Maoni ya Wasomaji wa Rumonge

Tahakiki nyingi za vitabu vya watoto zinazoletwa idarani petu na wanafunzi hufuata njia moja. Huanza na muhtasari wa hadithi, zikaingia kwenye dhamira, zikataja wahusika, msamiati na mafunzo, na mwishoni kabisa, aghalabu katika sentensi moja, zikasema kwamba michoro inavutia. Hapo kazi imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuanzia pale tahakiki hizo zinapoishia, kwa sababu mtoto naye huanzia hapo. Mtoto asiyejua bado kusoma hafungui kitabu ili atafute dhamira. Huangalia picha, akauliza huyu ni nani, na akipewa jibu asilolikubali, hubisha.

Vitabu tulivyochagua ni vitatu, vyote vya mchoraji na msimulizi wa Kitanzania, John Kilaka, aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1966. Cha kwanza, kinachohusu samaki wabichi, kilitoka nchini Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001, kisha Toronto kwa Kiingereza mwaka 2005 kwa jina la Fresh Fish. Vingine ni True Friends, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2006, na The Amazing Tree cha mwaka 2009. Kilaka huchora kwa mtindo wa Tingatinga, ambao umebeba jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao, na akafariki mwaka 1972. Wanyama wa Kilaka husimama kwa miguu miwili, huvaa mashati na khanga, na ukurasa wote hujaa rangi mpaka pembeni.

Huenda mtu akauliza: kwa nini vitabu hivi visomwe Rumonge? Jibu letu ni la kijiografia kwanza. Ziwa lililo chini ya nyanda za Ufipa, alikotoka Kilaka, ndilo hilohilo linalopiga mwambao wa Rumonge. Sokwe naye si mgeni huku: anaishi katika hifadhi ya Vyanda, milimani juu ya mji, kama anavyoishi Gombe ng'ambo ya mpaka. Rumonge ni mji wa samaki na wa mawese, na ni mojawapo ya miji michache ya Burundi ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya ufukweni na ya nyumbani. Kama kuna mahali ambapo hadithi ya sokwe anayepeleka samaki sokoni ingepata wasomaji wenye ujuzi wa jambo lenyewe, ni hapo.

Hatukufanya utafiti wa hojaji, wala hatuna majedwali ya kuonyesha. Tulikaa na watoto, wazazi wao na walimu wachache, tukafungua kurasa, tukawasimulia kwa Kiswahili tukifasiri papo kwa papo, maana nakala tulizo nazo ni za Kiingereza. (Jambo hilo peke yake lingestahili makala: hadithi za masimulizi ya Waswahili na majirani zao zinapita Uswisi na Kanada kabla ya kuturudia, nasi tunazifasiri tukiwa tumeketi juu ya mkeka.) Tuliyoyasikia ndiyo tunayoyajadili hapa.

Katika Fresh Fish, Sokwe amevua samaki na anawapeleka sokoni, naye Mbwa anawatamani. Tulitazamia watu wazima wangelalamika kwamba kitabu kinasema uongo. Mzazi mmoja alilalamika kweli, akisema mtoto anapelekwa shule ili ajue yaliyopo, si kuoneshwa mbwa anayezungumza. Wenzake walimcheka, kwa kuwa yeye mwenyewe alilelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi na hakuna siku aliyomuuliza bibi yake Sungura alijifunza wapi kusema. Mjadala ukaishia hapo. Ubishi wa kweli ulianza mahali ambapo hatukupatazamia. Mama mmoja anayechuuza samaki alitaka kujua Sokwe alivua saa ngapi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, nao huwa ufukweni kabla jua halijapanda. Atakayechelewa hana samaki wabichi tena, ana samaki wa kuanika. Ikiwa Sokwe anatembea polepole hivyo, na njiani anakutana na watu, basi jina la kitabu si kweli. Mwingine akauliza samaki hao ni gani hasa. Wakaanza kubishana: mukeke, la, sangala, la, hawafanani na yeyote.

Ubishi huo tunauona kuwa uhakiki kamili, tena wa daraja la juu kuliko mwingi tunaousahihisha. Wasomaji hawa walimkubali sokwe mwenye shati bila taabu. Walichokikataa ni samaki asiye na jina na safari isiyo na saa. Kwa maneno mengine, ubunifu mkubwa haukuwasumbua. Uliowasumbua ni uzembe mdogo, au waliouona kuwa uzembe. Hadithi za masimulizi hufuata sharti hilohilo. Fisi anaweza kusema, lakini lazima awe mlafi. Kobe anaweza kushinda mbio, lakini hawezi kuzishinda kwa kukimbia. Mwandishi wa njozi huruhusiwa kubadili jambo moja kubwa, na hapo hapo hudaiwa uaminifu katika madogo yote. Tunawatetea wachuuzi wa Rumonge katika sharti hili, ingawa hatukubali hukumu yao yote. Samaki wa Kilaka ni samaki wa Tingatinga. Mtindo huo haupimi mapezi. Hutafuta umbo na mdundo wa rangi. Mtoto mmoja, ambaye hakuwa amesikia neno hilo, alisema samaki wale wanacheza ngoma. Tunadhani yeye na yule mama walikuwa sahihi wote wawili, kila mmoja kwa kipimo chake.

Swali la samaki ni gani lilitufikisha kwenye jambo linalowahusu walimu moja kwa moja. Samaki ambaye Rumonge anaitwa mukeke, Kigoma anaitwa mgebuka. Wale wadogo ambao Burundi ni ndagala, Tanzania ni dagaa, na ukiteremka mpaka ncha ya kusini ya ziwa, upande wa Zambia, wanaitwa kapenta. Ziwa ni moja, samaki ni yuleyule. Mwandishi wa kitabu cha Kiswahili sharti achague neno moja, na akichagua, kuna watoto watakaojiona wageni katika ukurasa wao. Picha haichagui. Mwalimu wa Rumonge akionyesha picha ya samaki, watoto wanaweza kutaja majina yote mawili, mmoja kwa sababu kazaliwa hapa, mwingine kwa sababu wazazi wake walirudi kutoka Kigoma, na hakuna aliyekosea. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Kiswahili kilipoingizwa katika shule za msingi za Burundi, walimu wengi wamekifundisha kwa vitabu haba, tena baadhi yao wakikijua kwa shida. Katika hali hiyo picha nzuri si pambo. Ni mahali pa kuanzia mazungumzo ambapo mwanafunzi wakati mwingine anajua zaidi ya mwalimu.

Kilaka mwenyewe, katika The Amazing Tree, amesimulia kuhusu mti uliojaa matunda wakati wa ukame, ambao haudondoshi hata tunda moja mpaka uitwe kwa jina lake, nalo jina hakuna mnyama anayelijua isipokuwa Kobe. Watoto walikipenda kitabu hiki kuliko vyote. Walirudia jina la mti kwa sauti, wakalikosea makusudi, wakacheka. Hatuongezi neno juu yake, ila kwamba mwalimu wa lugha asiyeona hapo somo tayari anahitaji likizo.

Kitabu cha tatu ndicho kilichotunyamazisha. Katika True Friends, Tembo na Panya ni marafiki. Panya amejiwekea akiba ya chakula kabla ya ukame. Tembo anajitolea kumtunzia. Njaa ilipoingia, Tembo anakataa kumrudishia. Panya anaondoka. Kumbe Panya ndiye fundi wa kuwasha moto, na wanyama waliobaki wanajikuta hawana wa kuwawashia, wakaanza kumtafuta.

Mhakiki wa mahali pengine angesema hiki ni kitabu kuhusu urafiki na uchoyo, akaweka kalamu chini. Rumonge haiwezi kukisoma hivyo. Mwaka 1972, baada ya uasi ulioanza mwezi Aprili katika mwambao huu wa kusini na mauaji makubwa yaliyofuata nchini, familia nyingi za Rumonge na Nyanza-Lac zilikimbilia Tanzania, na mashamba yao yakapata wenyewe wengine. Watoto walizaliwa na kukulia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakasema Kiswahili. Waliporudi kwa wingi katika miaka ya 2000 walikuta nyumba na michikichi mikononi mwa watu ambao nao walikuwa wameishi hapo miaka thelathini na zaidi. Mwaka 2006 iliundwa tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, na kesi zake zimegawa vijiji. Sasa mchukue msomaji wa namna hiyo, umfungulie ukurasa wenye Tembo na akiba ya Panya.

Maoni yaligawanyika. Mwalimu mmoja alitushauri kitabu hiki kisisomwe darasani, kwa kuwa kila mtoto atakwenda nyumbani na kuuliza sisi ni Panya au ni Tembo, na kuna nyumba ambazo jibu litaleta ugomvi. Mwingine, ambaye wazazi wake walirudi kutoka Tanzania, alisema kinyume: watoto wanajua tayari, wanasikia kila usiku, na afadhali walisikie jambo hilo likisemwa na panya mwenye kaptura kuliko na baba aliyekasirika. Tunakubaliana na wa pili, lakini si kwa sababu aliyoitoa. Tunachokiona ni kwamba kitabu hakimfanyi Panya kuwa wa kuhurumiwa tu. Aliyedhulumiwa ameondoka na ufundi ambao kijiji kizima kinauhitaji, na wanaomtafuta hawamtafuti kwa huruma; wanamtafuta kwa sababu hawana moto. Hadithi nyingi za maadili tunazowapa watoto humwacha mnyonge akingoja mkubwa atubu. Hii haikumwacha hivyo. Na pale Rumonge, waliorudi nao hawakurudi mikono mitupu. Walileta Kiswahili cha shule, ambacho leo watoto wa pande zote mbili wanatakiwa kukijua.

Hata hivyo shaka ya mwalimu wa kwanza hatuipuuzi. Tembo wa Kilaka ni mdhulumu anayejua anachokifanya, ilhali wengi waliokaa katika mashamba ya 1972 walipewa na serikali, na watoto wao hawakuiba kitu. Mwalimu atakayekisoma kitabu hiki Rumonge itambidi alitaje hilo kwa kinywa chake, kwa sababu kitabu hakilitaji.

Kwa kulinganisha, tulipitia pia vitabu viwili vya Muriel na Tom Feelings vilivyotoka Marekani, Moja Means One (1971) na Jambo Means Hello (1974). Ni kazi nzuri sana, zilizopata heshima ya Caldecott kwa michoro yake laini isiyo na makelele ya rangi. Lakini vilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa Kimarekani, hasa weusi, waliotaka kuijua Afrika, na Kiswahili kimo humo kwa neno moja moja. Watoto wetu walivipitia haraka. Hawakuhitaji kufundishwa kwamba moja ni moja.

Yapo malalamiko mengine juu ya Kilaka. Wanafunzi wetu wawili walisema picha zake zinafanana mno na zile wanazouziwa watalii, na kwamba Tingatinga imekuwa Afrika ya dukani. Hoja hiyo ina uzito mahali kwingine, ila watoto wa Rumonge hawajawahi kuingia katika duka hilo. Uzito zaidi tunauona katika bei na lugha. Kitabu cha jalada gumu kutoka ng'ambo hakiwezi kuwa kitabu cha darasa la watoto themanini. Tanzania ilionyesha njia tangu 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza kuwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala zao itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Mwaka 1996 Kenya nayo ilipata kampuni ya Sasa Sema, iliyotoa Abunuwasi wa Gado kwa katuni za Kiswahili, kwa karatasi na bei ya kawaida. Burundi inao wachoraji, na wasimulizi haijawahi kuwakosa.

Kwa toleo lijalo tunakusanya majina ya samaki wa Tanganyika kama yanavyotamkwa na watoto wa Magara, Minago, Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac, pamoja na michoro yao wenyewe ya samaki hao. Walimu walio huko wanaombwa watuletee, hata kama mchoro ni wa kalamu ya risasi. Yule mama mchuuzi ameahidi kuikagua kabla haijachapishwa.